Spika ya Chumba cha Mtoto

Mama Santuri alipiga muziki wa sherehe miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna sherehe iliyoisha kabla yeye hajataka iishe. Alikuwa na nyimbo za kuingiza maharusi ukumbini, nyimbo za kuwainua wazee vitini, nyimbo za kuwapoza vijana waliozidisha, na folda nzima aliyoiita "Kufukuza Watu", yenye nyimbo kumi na nne za taratibu zinazomkumbusha mtu kwamba kesho ana kazi. Hakupanga muziki kwa majina ya waimbaji kama wafanyavyo watu wengine. Aliupanga kwa kazi yake. Ukimuuliza wimbo fulani umeimbwa na nani angekuna kichwa, lakini ukimwomba wimbo wa kumchekesha mama mkwe aliyenuna, alikupa mitatu papo hapo.

Kwa jumla zilikuwa nyimbo elfu arobaini na sita na ushei. Nyingi alizihamisha mwenyewe kutoka kwenye santuri na kanda, mmoja baada ya mwingine, spika za masikioni kichwani na kikombe cha chai kikipoa pembeni. Zote zilikaa kwenye kompyuta moja kuukuu ya sebuleni, ambayo diski yake ilikuwa imeanza kugonga ndani kama mtu aliyefungiwa stoo. Kila ilipogonga, Mama Santuri aliacha alichokuwa akifanya na kuisikiliza kwanza.

Mume wake alikuwa fundi wa lifti, na kila mtu alimwita Fundi, hata yeye. Kazi yake ilikuwa katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, mji ambao maghorofa yake hayaishi kujengwa. Alianza kwenda huko kwa wiki mbili mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa "nikipata nafasi". Miaka sita alikuwa akimwambia mkewe kwamba ikipatikana nyumba ya maana atamchukua, waache kuishi kwa simu kama wachumba. Mama Santuri alisubiri bila kununa sana, kwa kuwa na yeye alikuwa na kumbi zake na watu wake. Mwaka huu, hatimaye, Fundi alisema nyumba imepatikana, bado funguo tu.

Basi mwanamke akakata shauri. Akauza spika zote nane, mashine ya kuchanganya sauti, taa za rangi, hata nyaya. Wanunuzi walipokuja kubeba, alisimama mlangoni akiwaelekeza ni spika ipi inayopenda kukoroma besi ikipanda. Waliokuwa na sherehe mwezi ujao aliwatafutia mpiga muziki mwingine. Hakubakiza kitu cha kumrudisha ukumbini, na alifanya hivyo makusudi, maana alijijua. Na tuseme ukweli, mtu anayeuza zana zake za kazi kwa ajili ya mwenzake anakuwa ameweka shingo yake mkononi mwa mwenzake huyo. Yeye hakuliona hivyo. Aliona anahamia kwa mumewe.

Alichobakiza ni nyimbo, na kwa ajili ya nyimbo hizo Fundi alimtumia kompyuta mpya, nyembamba, nyepesi, isiyoingia hata robo ya muziki wake. Dawa ya hilo muuzaji wa kompyuta alishaieleza: nyimbo zote zipakiwe kwenye hifadhi ya mtandaoni, halafu kompyuta mpya izivute kutoka huko kadiri zinavyohitajika. "Unahama na mkoba tu," Fundi alimwambia kwenye simu. Maneno hayo yalimkolea. Aliyarudia kwa jirani, kwa muuza duka, na kwa watu ambao hawakumuuliza.

Kupakia kulichukua wiki tatu. Mtandao wa pale nyumbani ulikuwa na tabia ya kulala mchana, kwa hiyo alijifunza kuamka alfajiri, akapakia folda moja moja na kuweka alama kwenye daftari: Kuingia Ukumbini, tayari, Keki, tayari, Wazee, tayari lakini rudia tatu za mwisho. Sebule ilikuwa imejaa makatoni. Ukutani palipokuwa na picha pamebaki miraba ya rangi safi. Katikati ya wiki ya pili Fundi alipiga kusema funguo zimechelewa, rangi haijakauka. Wiki ya tatu alisema rangi imekauka ila bomba linavuja. Mama Santuri alicheka akamwambia hiyo nyumba inaumwa kila kiungo, labda wangeipeleka hospitali kwanza. Fundi naye alicheka, lakini kidogo.

Jumapili moja, saa saba mchana, folda ya mwisho ilipanda. Mama Santuri alinawa mikono, akaketi juu ya katoni la sahani, akaiweka kompyuta mpya magotini na kuandika neno la siri. Alitegemea kuona nyimbo zake zikishuka. Badala yake ukatokea ujumbe: akaunti hii imefikisha vifaa vitano, ondoa kimoja ili uendelee.

Akahesabu kwa vidole. Kompyuta kuukuu, kimoja. Simu yake, viwili. Simu ya Fundi, vitatu. Simu ya binti yao, vinne. Hicho cha tano kilitoka wapi? Akabonyeza orodha ifunguke, akisema peke yake kwamba mitandao hii nayo haijui hesabu. Cha tano kilikuwepo, kimeandikwa vizuri kabisa: "Spika, Chumba cha Mtoto, Ghorofa ya 3, Mlango wa Kushoto".

Alicheka. Kicheko kilimtoka kwa sababu aliitambua kazi ya mkono ule kabla hajauelewa ujumbe wenyewe. Fundi alikuwa mtu wa vibandiko. Katika kazi yake swichi isiyo na jina inaua. Wewe umo ndani ya shimo la lifti, mtu wa chini anawasha asichokijua. Kwa hiyo kila kitu alichokigusa alikiandika ni kitu gani na kiko wapi. Pale nyumbani plagi ya friji ilikuwa na kibandiko "FRIJI", bomba la nje "BOMBA KUU, FUNGA KULIA", na hata kopo la sukari liliwahi kupewa chake mpaka mkewe akalibandua. Mtu mwingine angeiita ile spika "Spika" akaishia hapo. Fundi hakuweza. Hata mahali ambapo kila kiungo chake kilipaswa kumwambia anyamaze, mkono wake uliandika ukweli mpaka mlango.

Kisha kicheko kikaisha, akabaki anaitazama ile "Ghorofa ya 3".

Nyumba yao haikuwa na ghorofa. Kambi ya mafundi, alivyoambiwa siku zote, ilikuwa mabanda ya mabati ndani ya uzio wa ujenzi. Binti yao alikuwa na miaka ishirini na minne, muuguzi, anaishi bweni la hospitali na hana mtoto. Mama Santuri alitafuta sababu, na alizitafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta wimbo. Labda Fundi aliweka lifti kwenye hospitali ya watoto, akaifunga spika huko kwa kuijaribu. Labda wamepangishiwa nyumba ya mtu mwenye familia. Labda aliinunua mitumba, na mwenye nayo wa kwanza ndiye aliyeiita hivyo. Hii ya mwisho ilikaribia kumtosha. Angeishika, kama si lile neno "mlango wa kushoto".

Chini ya jina la spika palikuwa na kitufe cha historia. Akakibonyeza.

Wimbo ulikuwa mmoja. Hakuna dansi, hakuna nyimbo za Fundi za kunyolea ndevu. Mmoja tu, umechezwa mara elfu moja na zaidi, kila siku saa saba na nusu mchana na kila siku saa mbili usiku. Faili lilikuwa na jina alilolipa mwenyewe: "Sauti yangu, kulaza Kidoti, USIFUTE".

Kidoti ndiye binti yao, na jina hilo alilipata kwa doa la shavuni. Alipokuwa mchanga, Mama Santuri alimpeleka kazini kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Mtoto alilia kila muziki ulipopanda. Jioni moja kabla ya wageni kufika, mama aliingia stoo ya ukumbi, katikati ya viti vilivyopangwa mpaka darini, akawasha maikrofoni na kuimba wimbo aliokuwa akiutunga palepale: Kidoti lala, mama yuko kazini, sherehe ni ya watu, usingizi ni wako. Aliimba dakika kumi na moja. Ndani yake unasikika mlango ukifunguliwa, mtu akiuliza sahani ziko wapi, na yeye akimjibu kwa kuimba bila kukata wimbo. Ile kanda ndiyo iliyomlea Kidoti nyuma ya kumbi zote za miaka ile.

Na hakuna aliyeiiba. Akaunti ile alikuwa ameifungua miaka minne iliyopita, diski ilipogonga mara ya kwanza, akaweka nyimbo mia tatu za lazima na kuwapa mume na binti neno la siri ili nao wasikilize. Wimbo wa Kidoti haukuwemo. Ila mwaka mmoja na nusu uliopita Fundi alimpigia siku ya kazi, mchana, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ule wimbo wa kumlaza mtoto bado upo. Ameukumbuka tu, alisema. Upweke wa kambi. Mama Santuri alilainika mpaka machozi. Aliitafuta ile kanda kwenye masanduku siku mbili, akaisafisha mkwaruzo, akaipandisha mtandaoni na kumwandikia, "Haya, lala na wewe." Kisha akaenda kumsimulia jirani kwamba wanaume wakizeeka wanakuwa na huruma.

Akatazama tarehe ya mara ya kwanza kwenye historia. Ilikuwa jioni ya siku ileile aliyoupandisha. Akaikumbuka na miezi ile: Fundi hakuja nyumbani wiki saba, akasema mota ya lifti imeungua na tajiri hataki kusikia neno likizo.

Kwa hiyo alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka na akakivaa akitembea nacho mtaani. Alihisi aibu kabla ya hasira. Aibu ya kucheka kuhusu bomba linalovuja, ya mkoba tu, ya wanunuzi wakipakia spika zake nane kwenye gari naye amesimama mlangoni akitabasamu.

Akampigia binti yake. Hakumwambia alichokiona. Alimuuliza tu kama anajua lolote kuhusu spika kwenye akaunti ya muziki, maana kompyuta mpya inakosa nafasi. Alitaka kusikia "spika gani, mama?" Angesikia hilo tu, angeweza kuendelea kutafuta sababu mpaka jioni.

Upande wa Kidoti palisikika kitoroli cha hospitali kikipita.

"Mama," akasema, "usifungue hiyo historia."

Mama Santuri aliuliza tangu lini. Kidoti alisema tangu mwaka jana. Alikuwa akifungua nyimbo kwenye simu yake, akawa anauona ule wimbo wake juu kabisa ya zilizosikilizwa, kila siku, akadhani mama amezidiwa na kumkumbuka. Akamwuliza baba. Baba alilia, akala kiapo kwamba yeye mwenyewe atamweleza mama, uso kwa uso, kabla mama hajahama. Kila mwezi alimkumbusha, na kila mwezi baba alisema mwezi ujao. Sasa Kidoti mwenyewe alikuwa analia. Alisema hakujua aanzie wapi, kila alipopiga simu mama alikuwa anaimba.

"Niliuza spika mwezi uliopita," mama yake alisema. "Ulinisaidia kuandika tangazo."

Mama Santuri hakumfokea. Alimwambia arudi kwa wagonjwa, akakata simu na kuiweka juu ya katoni, uso chini. Mume kumdanganya lilikuwa jambo moja. Hili la pili lilimkuta hana tena mahali pa kuliweka. Kwa mwaka mzima watu wawili aliowapikia walikuwa wakiongea juu yake kwa kuelewana, na yeye alikuwa mgonjwa anayefichwa ugonjwa wake.

Aligeukia tena kompyuta. Saa ilikuwa saba na dakika arobaini. Kando ya jina la spika palikuwa na doa la kijani, na chini yake maneno mawili: inacheza sasa.

Mahali fulani, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, yeye alikuwa anaimba. Sauti yake ya alipokuwa na umri wa miaka thelathini na moja, isiyo na mikwaruzo, ilikuwa inamlaza mtoto wa mumewe. Alijaribu kukipata chumba kile akilini na akapata vitu vyote isipokuwa nyuso. Pazia, kitanda kidogo, nguo za Fundi zilizoanikwa, kibandiko ukutani. Hakumwonea mtu huruma wakati ule na hakujilazimisha. Akabonyeza "Ondoa", na ile mashine ilipomuuliza kama ana uhakika, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Kompyuta mpya ilichukua nafasi iliyoachwa. Nyimbo zikaanza kushuka, folda baada ya folda, haraka kuliko alivyotegemea. Akazitazama zikijaa bila kufurahia hata mmoja.

Simu iliita saa nane kasoro dakika kumi. Fundi.

Aliiacha iite mara nne, akapokea. Fundi alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, jambo ambalo mtu wa lifti hulifanya kwa nadra.

"Hebu niangalizie mtandao hapo," alisema. "Ile spika yangu ya kambini imekatika ghafla."

Hakumwita mama Kidoti, hakumwita mke wangu, hakumwita kitu. Siku zote alianza na salamu ndefu, mpaka hali ya jirani na hali ya hewa. Leo aliingia moja kwa moja, kwa sauti ya mtu anayesikilizwa. Na nyuma yake mtoto alikuwa analia, kilio cha mtoto aliyekatishwa usingizi, kile cha kuvuta pumzi na kuanza upya. Aliyewahi kulea hakisahau.

Ni vizuri kulielewa hili, kwa sababu hata Mama Santuri mwenyewe alichukua muda kuliamini. Mtu yule alikuwa ameamua kumpigia yeye. Katika dunia nzima, mtoto wa nje akikosa wimbo, wa kumrekebishia ni mke wa ndani. Haukuwa ujeuri. Miaka ishirini na sita kila kitu chenye waya wa sauti kikiharibika Fundi alimwita mkewe, na leo mkono wake ulikwenda kulekule bila kumuuliza.

"Huyo anayelia ni nani?" Mama Santuri aliuliza.

"Wa jirani. Kuta za huku nyembamba."

Maneno yalimjaa mdomoni, mengi, mengine yasiyosemeka mbele ya watu. Lakini mtoto alivuta pumzi tena, akakwama katikati, akaanza kulia upya, na mwili wa Mama Santuri ukafanya ulichozoea kufanya. Alimwambia Fundi aizime spika na kuiwasha. Itampa namba nne, amsomee.

Orodha ilikuwa imejaa tena vitano. Ili spika irudi, kimoja kilibidi kitoke. Kompyuta kuukuu, kompyuta mpya, simu yake, simu ya Kidoti, simu ya Fundi. Hakufikiri hata kidogo. Akaiondoa simu ya Fundi, na ilipokuja ile "una uhakika?" alibonyeza taratibu kabisa.

"Saba, mbili, mbili, tisa," Fundi alisoma.

Akaziandika. Sekunde chache zilipita, kisha kupitia simu aliisikia sauti yake ikianza mbali, ndani ya chumba asichokijua. Kidoti lala, mama yuko kazini. Mtoto alilia mara mbili zaidi, ya pili kidogo kuliko ya kwanza, akanyamaza.

"Imekubali," Fundi alisema. Aliposhusha pumzi ilisikika mpaka huku. "Haya, ngoja nikuache, tuko katikati ya kazi."

"Ana umri gani?"

"Nani?"

"Huyo wa jirani."

Wimbo uliendelea nyuma ya Fundi, na Mama Santuri alijisikia akiimba mstari mzima kabla mtu hajasema neno. Kisha mwanamke akaongea karibu na simu, sauti changa, ya uchangamfu. Aliuliza kama huyo ni dada yake Fundi, yule mwenye wimbo, akasema apewe amshukuru. Fundi alisema kwa haraka kwamba dada ana shughuli, anakata. Palikuwa na msuguano wa kiganja juu ya simu, mwanamke akacheka, akasema hapana, kila siku ana shughuli, leo leo.

"Shikamoo, wifi," ile sauti ikasema.

"Marahaba," kinywa cha Mama Santuri kilijibu chenyewe.

Mwanamke alijieleza kwa mkupuo, kama mtu aliyeweka maneno yale muda mrefu akingoja siku yake. Alisema wanamsumbua sana na sauti yake, huyu mtoto bila yeye halali, wamejaribu nyimbo nyingine zote anazitupilia mbali. Alisema amekuwa akimbana Fundi, huyo kaka wa wifi, awakutanishe, haiwezekani ndugu wafahamiane kwa spika. Mtoto anatimiza miaka miwili karibuni, waje wote. Hakuwa na kejeli hata chembe. Mama Santuri alimsikiliza akiitafuta hasira aliyomwekea mwanamke huyu tangu saa saba mchana, na hakuikuta. Yote ilikuwa imehamia kwa yule aliyesimama pembeni ya mwanamke huyo. Huyu naye alikuwa amechezewa shere, tena kwa sauti ya mwenzake.

"Na Kidoti mwenyewe hajambo?" mwanamke aliuliza. "Maana huyu wetu tukimwita jina lake haitiki. Anaitika Kidoti tu. Tumeshamwachia."

Mama Santuri alifumba macho. Upande wa pili Fundi alisikika akisema, "Lete simu," mara moja, chini chini, kisha tena kwa sauti kubwa zaidi.

"Mtoto ameshalala?" aliuliza.

"Ndiyo anasinzia, wifi."

"Basi usipige kelele kwa nitakachokwambia. Kidoti hajambo. Ni muuguzi siku hizi, mtu mzima, amefanana pua na baba yake. Na baba yake ndiye huyo anayekuomba simu."

Mwanamke hakumpa Fundi simu. Mama Santuri hakukata, akabaki ameishika simu sikioni juu ya katoni lake la sahani, na kwa muda mrefu watatu hao walisikiliza wimbo ukiendelea, mpaka pale mlango wa stoo ulipofunguliwa na mtu akauliza sahani ziko wapi.